Treni ya Dinosaria na Reli Yetu ya Mpanda

Ndugu msomaji, wewe unayelea watoto mjini, bila shaka umekwisha kuulizwa na mtoto wako swali ambalo shule uliyosoma haikukuandaa kulijibu. Sisi zamani tulimwuliza bibi kwa nini sungura ana masikio marefu, naye akatuhadithia, tukaridhika, tukalala. Leo mtoto wa miaka mitano, ambaye bado anavaa viatu kinyume, aweza kukutajia majina ya wanyama waliokufa zamani kabla hajakuwako binadamu hata mmoja duniani, na kwa matamshi ambayo wewe mtu mzima yatakushinda. Ukimwuliza ameyapata wapi, atakuonyesha kioo cha simu au cha televisheni.

Nakuandikia kutoka Katumba, katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi, mahali ambapo reli ya Kaliua hadi Mpanda hupita katikati ya mashamba. Kazi yangu ni kilimo na mizinga michache ya nyuki. Nyumbani ninalea mjukuu mmoja wa kike wa miaka mitano, kwa sababu mama yake anafanya kazi Mpanda mjini na huja mwisho wa juma. Nataka kuzungumza nawe juu ya katuni. Najua wapo watakaocheka na kusema, mzee mzima na katuni wapi na wapi? Nawaomba wanivumilie, kwani jambo lililonifanya nishike kalamu si mchezo hata kidogo.

KISA CHA BUDDY

Katika simu ya mama yake mjukuu wangu imo filamu ya katuni ya Kimarekani iitwayo Dinosaur Train, yaani Treni ya Dinosaria. Ilianza kuonyeshwa mwezi Septemba 2009 na PBS, televisheni ya umma ya Marekani, kwa ajili ya watoto wadogo ambao hawajaanza shule au ndio kwanza wanaanza. Aliyeibuni ni Craig Bartlett, na iliyoitengeneza ni kampuni ya Jim Henson, yule bwana aliyesifika kwa vibonzo vyake vya vitambaa.

Kisa chake ni chepesi. Mama mmoja wa jamii ya Pteranodon, mnyama mwenye mabawa ya ngozi, anaangua mayai yake. Watoto watatu wanatoka wakiwa wamefanana naye, nao wanaitwa Tiny, Shiny na Don. Yai la mwisho linapasuka, anatoka kiumbe tofauti, hana mabawa, hana mdomo mrefu, bali ana meno na mkia. Huyo ndiye Buddy. Mama hamkatai wala hamwulizi katoka wapi. Anamkumbatia pamoja na wenzake na kumlea. Buddy anapokua kidogo anataka kujua yeye ni nani, na familia nzima inapanda treni inayopita katika mahandaki ya wakati, ikiwashusha mara katika zama hizi, mara katika zama zile, wakaonane na wanyama wa kila namna. Ni katika safari hizo Buddy anapotambua kwamba yeye ni Tyrannosaurus, dinosaria mla nyama. Akisha kutambua, anarudi nyumbani kwa mama yule yule na ndugu wale wale.

Sehemu nyingi za filamu hiyo humalizikia kwa mtu halisi, Dokta Scott Sampson, ambaye ni mtaalamu wa mifupa ya dinosaria. Yeye huwaeleza watoto lipi limethibitishwa na lipi ni la mchezo, kisha huwahimiza wazime televisheni, watoke nje, wakajionee maumbile kwa macho yao. Ama hilo lilinifurahisha. Ni mara chache kumwona mwuza pombe akimshauri mteja aende nyumbani.

Lakini lililonivuta zaidi ni jinsi Buddy anavyofikiri. Buddy hasemi, "Najua." Husema kwamba ana dhana, kisha huenda kuipima: huhesabu vidole, hutazama meno, hulinganisha miguu. Dhana ikithibitika hufurahi. Isipothibitika hufurahi vile vile, akatafuta nyingine. Filamu hiyo ni ya Kiingereza, na mjukuu wangu hajui Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani wake. Jioni tukisha kula tunaketi barazani, yeye akashika simu, mimi nikamfasiria kwa Kiswahili. Neno "dhana" nilimpa mimi, naye akalichukua kama mtu aliyeokota shilingi.

Asubuhi moja alikuwa akimwaga pumba za kuku, mara akasimama, akainama, akaanza kuutazama mguu wa jogoo. Akaniita. "Babu, nina dhana. Huyu kuku ni dinosaria mdogo."

Msomaji wangu, mtoto yule hakukosea. Wataalamu wa leo wanakubaliana kwamba ndege wote, kuku wako wa uani akiwa mmoja wao, ni uzao wa dinosaria wadogo waliotembea kwa miguu miwili. Tazama siku moja mguu wa kuku, vidole vitatu mbele, magamba juu yake, kucha zilizopinda, utaona mwenyewe. Yule jogoo aliishi hadi sikukuu kwa heshima ya ukoo wake.

"DINOSARIA WALIKUWA WA WAZUNGU?"

Furaha yangu hiyo ilipata kivuli jioni moja. Mjukuu alikuwa akitazama, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Babu, dinosaria wote walikuwa wa Wazungu?"

Swali hilo lilinichoma. Mtoto alikuwa amejumlisha mambo kama Buddy alivyomfundisha: filamu ni ya Wazungu, lugha ni ya Wazungu, mtaalamu ni Mzungu, majina hayatamkiki, basi na wanyama wenyewe ni wa Wazungu. Dhana yake ilikuwa na ushahidi wote aliokuwa nao. Na hapa ndipo, ndugu msomaji, penye hatari ambayo wazazi wengi hatuioni. Tunaogopa katuni zisimfundishe mtoto matusi au ugomvi. Hatuogopi kwamba katuni nzuri kabisa, yenye elimu safi, yaweza kumfundisha pasipo kutaja kwamba elimu hukaa kwa wengine.

Nilimjibu kwa kumwambia habari za Tendaguru, nami nitakuambia wewe pia, kwa maana nimeona hata wafanyakazi wenzangu wa zamani waliosoma hawazijui.

Tendaguru ni kilima katika Mkoa wa Lindi, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona huko mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu Eberhard Fraas kuitazama, na kuanzia 1909 hadi 1913 Makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa, wakiongoza Werner Janensch na Edwin Hennig. Zingatia miaka hiyo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907, na kusini yote ilikuwa imejaa njaa na makaburi. Katika nchi hiyo iliyojeruhiwa, watu wetu kwa mamia waliajiriwa kuchimba. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, mtu aliyekuwa na jicho na mkono wa kuitambua mifupa na kuitoa bila kuivunja. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Jumla ilikuwa zaidi ya tani 200.

Miongoni mwa mifupa hiyo walipatikana Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, na mwenye shingo ndefu ambaye Janensch alimpa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na hadi leo kimesimama huko, urefu wa zaidi ya mita 13, yaani kama nyumba ya ghorofa nne. Tangu mwaka 2009, ule ule ambao Buddy alianza kupanda treni, wataalamu wengi humwita kwa jina la Giraffatitan, kwa kuwa walithibitisha kwamba yeye na ndugu yake wa Marekani si wa jenasi moja. Mnyama huyo aliishi katika ardhi yetu karibu miaka milioni 150 iliyopita.

"Kwa hiyo ni wa kwetu?" akauliza mjukuu.

"Ni wa kwetu, lakini yuko Berlin."

"Treni inafika Berlin?"

Nikamwambia kwamba hilo ni swali ambalo wakubwa wenyewe wamekuwa wakiulizana kwa miaka mingi.

MAJINA YA KISWAHILI

Tendaguru ni mbali na Katavi. Lakini kuna mengine ya jirani zaidi. Ukishuka kutoka kwetu kuelekea kusini utakutana na Bonde la Rukwa na ziwa lake, ambalo upande wake wa kaskazini uko mkoani Katavi. Katika ncha ya kusini ya bonde hilo, upande wa Songwe na Mbeya, watafiti wa Kitanzania na wa kigeni wamechimba kwa miaka mingi katika miamba iitwayo ya Galula. Mwaka 2014 walitangaza dinosaria waliyemwita Rukwatitan. Mifupa yake ilikuwa imekwama katika ukuta wa jabali, na waliosaidia kuitoa, kwa misimu miwili, walikuwamo wachimbaji wa makaa ya mawe. Mwaka 2017 akatangazwa Shingopana. Ndiyo, umesoma sawasawa: shingo pana. Mifupa yake ina matundu ya wadudu waliokuja kuitafuna baada ya yeye kufa. Na mwaka 2019 akatangazwa mwingine ambaye jina lake, nilipomtajia mjukuu, alicheka hadi akalala chini: Mnyamawamtuka moyowamkia. Mnyama wa Mtuka, kwa sababu alionekana katika ukingo wa mto wa msimu uitwao Mtuka. Moyo wa mkia, kwa sababu mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo.

Wala si hao tu. Alipatikana huko pia mamba mdogo wa ajabu, ukubwa wa paka, mwenye meno yaliyogawanyika kazi kama ya mnyama anyonyeshaye. Akaitwa Pakasuchus kapilimai mwaka 2010. Paka ni paka huyu huyu wetu, na Kapilima ni marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka huo huo, kutoka bonde la Ruhuhu kusini, alitangazwa Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosaria. Na kutoka huko huko Ruhuhu ilitoka mifupa iliyookotwa miaka ya 1930 ikakaa makabatini Uingereza kwa miongo mingi, hata watafiti walipoichunguza upya wakaeleza, mwishoni mwa 2012, kwamba huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana duniani. Wakamwita Nyasasaurus. Huenda, basi, treni ya Buddy ilianzia safari yake Tanzania.

Mjukuu wangu alipoyasikia majina hayo sura yake ilibadilika. Tyrannosaurus alikuwa amemkariri kama kasuku. Shingopana hakuhitaji kumkariri, alimwelewa. Alishika shingo yake mwenyewe, akaitanua kwa mikono, akatembea ua mzima akiwa Shingopana. Kesho yake nikamkuta nyuma ya nyumba na jembe langu dogo, amechimba shimo la kufika magotini, anatafuta mifupa.

Ilinibidi kumweleza ukweli, kwa maana mtoto hapaswi kudanganywa hata kwa nia njema. Miamba ya upande wetu wa Mpanda ni ya kale mno, ina umri wa karibu miaka bilioni mbili. Ilipoumbika hapakuwa na dinosaria, wala samaki, wala jani. Ndiyo maana ardhi ya Mpanda ina dhahabu na risasi, lakini haina mifupa ya Shingopana. Mifupa hukaa katika mchanga na tope la mito ya zamani lililogeuka jiwe, kama lile la Galula. Alifikiri kidogo, kisha akalifukia shimo. "Dhana yangu imekataa," akasema, akaenda kunawa. Nilimwonea fahari siku hiyo kuliko siku ya jogoo.

RELI YA WAKATI

Sasa naja kwenye jambo lenyewe.

Msomaji wangu wa mjini huenda huijui historia ya Katumba. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1973 kuwapokea watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Mimi nililetwa hapa nikiwa na miaka sita. Wazazi wangu walikata msitu, wakajenga, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, wakazikwa hapa. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kugawiwa. Mama yake mjukuu wangu alizaliwa hapa. Mjukuu amezaliwa hapa. Lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Kirundi anajua salamu na maneno ya kubembelezea mtoto.

Siku moja alirudi kutoka kucheza akiwa kimya. Watoto wenzake, katika ugomvi wa kawaida wa kugombea kamba ya kurukia, walimwambia, "Ninyi ni wa kuja." Watoto ni watoto, na neno hilo bila shaka walilisikia kwa wakubwa ambao nao hawakulipima. Jioni ile tulitazama katuni kama kawaida. Buddy alipomkimbilia mama yake mwenye mabawa, mjukuu akaniuliza bila kuondoa macho kwenye kioo, "Babu, Buddy ni wa kuja?"

Nilijua hakuwa akimwulizia Buddy.

Sikumjibu usiku ule. Juma lililofuata tulikwenda stesheni ya Mpanda kumsindikiza mjomba wake aliyekuwa akisafiri kwenda Tabora. Treni ilichelewa, nasi tukakaa. Hapo ndipo nilipompa jibu, na kwa kuwa nimeona linamfaa mtoto, naomba nikupe nawe ulitumie.

Reli hii ya kutoka Mpanda hadi Kaliua ina urefu wa kilomita 210. Ilijengwa kuelekea mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Nilimwambia mjukuu: tufanye kwamba hii ndiyo treni ya Buddy. Hapa tulipokaa, stesheni ya Mpanda, ni leo. Kila kilomita moja treni inayokwenda, inarudi nyuma miaka milioni moja. Basi mita moja ni miaka elfu, na sentimita moja ni miaka kumi.

Treni ikiondoka, kabla haijafika kilomita mbili inapita pale alipoishi yule mtu wa kale ambaye fuvu lake lilipatikana Olduvai mwaka 1959. Ikifika kilomita tatu na nusu na ushei, inapita nyayo za Laetoli, zile za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano. Inapita Katumba kwetu, imekwisha kurudi mamilioni ya miaka, na bado hakuna dinosaria hata mmoja. Inaingia porini. Inapofika kilomita ya 66, hapo ndipo lilipoanguka lile jiwe kubwa kutoka angani, upande wa Meksiko, likawamaliza dinosaria wote isipokuwa jamaa za kuku. Inaendelea hadi karibu kilomita ya 100, hapo wapo kina Rukwatitan na Mnyamawamtuka wanakula majani. Karibu kilomita ya 150 anasimama yule mrefu wa Tendaguru. Inafika Kaliua, mwisho wa tawi letu, lakini Nyasasaurus bado hajaonekana. Yeye yuko mbele zaidi, kwenye reli ya kati, upande wa Urambo, kilomita ya 240 na kitu.

"Na sisi tuko wapi?" akauliza.

Nikachukua kijiti, nikachora mstari vumbini mbele ya miguu yetu. Watu wa namna yetu, binadamu wote wa rangi zote, wameanza kuwako mita 300 hivi kutoka hapa. Hatujatoka hata mjini. Waliotangulia kufua chuma Afrika Mashariki wako mita mbili na nusu, unaweza kuruka. Boheti bin Amrani akichimba Tendaguru, sentimita kumi na moja na kidogo. Reli hii yenyewe, sentimita saba na nusu. Kuja kwetu Katumba, sentimita tano. Nikaweka vidole vyangu vitatu juu ya vumbi. Na wewe, nikamwambia, nusu sentimita, kama punje ya mahindi.

Akavitazama vidole vyangu vitatu. Kisha akanyosha shingo kutazama reli inavyokwenda mpaka inapotelea.

"Wote ni wa kuja," akasema.

Nikamwambia ndiyo, wote ni wa kuja, hata ardhi yenyewe. Katika zama za dinosaria wa kwanza mabara yote yalikuwa yameshikamana. Afrika na Amerika ya Kusini zilimalizia kuachana takriban miaka milioni 100 iliyopita, na ndiyo maana Rukwatitan ana jamaa wengi wa ukoo wake Argentina na Brazili. Lakini hakuna mtaalamu aliyesema kwa hiyo si mnyama wa hapa. Aliishi Rukwa, alikula Rukwa, alizikwa Rukwa, wakamwita Rukwatitan. Mababu zako wamezikwa Katumba. Jina lako ni la hapa.

Treni ikaja, mjomba akapanda. Mjukuu alimpungia mkono, akamwagiza amsalimie Nyasasaurus akifika Urambo. Mjomba hakuelewa, nasi hatukumweleza.

Namheshimu kila aliyetutangulia katika ardhi hii, Mbende, Mkonongo, Mpimbwe, waliotupokea wazazi wetu wakiwa hawana hata sufuria. Sikumfundisha mtoto dharau. Nilitaka tu ajue kwamba neno "wa kuja" lina urefu wa vidole vitatu, na kwamba haifai kulilia usiku kucha.

NENO KWA WAZAZI

Ndugu msomaji, sikusimulia haya ili nikusifie bidhaa ya Marekani. Katuni hiyo ina kasoro zake, na ni vizuri mzazi azijue. Kwanza, Pteranodon si dinosaria. Ni jamaa wa mbali aliyeruka. Pili, Tyrannosaurus na Pteranodon hawakuishi wakati mmoja; baina yao imepita zaidi ya miaka milioni 10, kwa hesabu ya reli yetu zaidi ya kilomita 10, kwa hiyo mama yule asingeweza kulipata yai lile. Tatu, wanyama wale hawakuzungumza kwa adabu namna ile; Tyrannosaurus angewala majirani zake wote. Mtoto akiambiwa haya hapotezi utamu wa hadithi. Sisi tulijua sungura hasemi, na bado tulimpenda.

Wala simaanishi kwamba hatuna vyetu. Dar es Salaam kuna taasisi ya Ubongo, iliyoanza kutoa vipindi vya Ubongo Kids mwaka 2014, na baadaye Akili and Me, habari za binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Vipindi hivyo hufundisha hesabu, herufi na tabia njema, kwa Kiswahili ambacho mtoto hahitaji mkalimani. Natamani siku moja wachoraji wetu watuchoree treni nyingine: itoke Lindi, ipite Tendaguru, imkute Boheti bin Amrani na jembe lake, iende Ruhuhu kwa Nyasasaurus, ipande Galula kwa Mnyamawamtuka. Kalamu wanazo, sauti wanazo, na majina yamekwisha kupatikana, tena ya Kiswahili.

Lakini hata treni hiyo ikitengenezwa kesho, haitatosha kama mtoto ataachwa nayo peke yake. Najua maisha ya mjini. Unarudi kutoka kazini umechoka, daladala imekusimamisha njia nzima, chakula bado, na simu ni yaya wa bure anayemnyamazisha mtoto upesi. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba kioo humwonyesha mtoto mengi, lakini hakijui anakaa wapi, anatoka ukoo gani, wala wenzake walimwambia nini mchana. Hayo unayajua wewe. Mtaalamu wa kwenye katuni anaweza kumweleza mtoto meno ya Tyrannosaurus. Hawezi kumwekea vidole vitatu vumbini.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo, la robo saa. Mtoto akitazama katuni yake, keti ubavuni pake. Usiyoyajua usione haya kumwambia kwamba mtayatafuta pamoja. Kuuliza si ujinga. Mfasirie kwa Kiswahili. Kisha mpe kitu kimoja cha kwenu kinachofanana na alichokiona: mguu wa kuku wa jirani, jiwe la mtoni, jina kama Shingopana. Kama unakaa karibu na reli, hata ile ya Pugu au Morogoro, hesabu hiyo ya kilomita moja kwa miaka milioni itakufaa. Kama huna reli, barabara inatosha. Kama huna barabara, tumia kamba ya kuanikia nguo na umgawie kila kibanio zama zake.

Mjukuu wangu ataanza darasa la kwanza hivi karibuni. Amekwisha kunieleza atakachowaambia wenzake siku ya kwanza, mwalimu akiwataka kila mmoja ataje jina lake na anakotoka. Atasema yeye ni wa Katumba, kituo kilichoko karibu sana na leo.